Na Wenzake

Orodha ilikuja Jumanne, kurasa sita,
ikabandikwa kwenye korido ya maabara
kati ya ratiba ya zamu na onyo la kutogusa jenereta.
Watafiti wa vinasaba, nchi nzima, kwa nafasi.
Wa kwanza: tisini na mbili.
Daktari Sechelela Ndahani, wa hapa kwetu Hombolo,
ukurasa wa tano, chini kabisa: kumi na moja.

Nikauliza, kumi na moja nini?
Elifasi wa kompyuta akanieleza taratibu
kama anayemfundisha mjomba kutuma pesa kwa simu:
panga makala zako, inayotajwa sana ikae juu,
shuka nazo ukihesabu.
Ya kumi na moja ikiwa imetajwa mara kumi na moja,
na ya kumi na mbili haifikishi kumi na mbili,
basi umefika. Hicho ndicho kimo chako.

Kimo.
Miaka ishirini na miwili napima kimo cha mtama
kwa rula ya mbao, toka udongoni hadi shingo ya suke,
na sijawahi kuandika daftarini kwamba mrefu ndiye mtamu.
Mrefu huwa wa kwanza kulala chini
upepo wa Aprili ukijisikia.

Tena makala yake moja imetajwa mara mia na arobaini.
Elifasi akafungua tukasoma:
karibu nusu ya waliomtaja
wanasema alikosea.
Na hizo zinahesabiwa?
Zinahesabiwa.
Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Mbegu yetu namba arobaini na saba
imevuka Mvumi, imevuka Makang'wa, iko Bahi.
Huko hakuna anayejua namba.
Wanaiita Ndegewasuse, kwa uchungu wa ganda lake.
Mama Yudesi aliipata kwa wifi yake,
wifi aliipata msibani, kwenye pindo la khanga,
na hakuna aliyeandika chini ya shamba lake:
rejea, wifi, kibakuli kimoja, msimu wa njaa.

Baba yangu hakuhesabu ng'ombe kwa kidole.
Jioni alisimama mlangoni mwa zizi, akatazama tu,
na aliyekosekana alijulikana kwa pengo lake.
Nami nimesimama hivyo mbele ya kurasa sita.

Mimi nimo, ukitaka kujua.
Nimo ndani ya maneno mawili: Ndahani *na wenzake*.
Mwenzake mmoja ni Hosea Mnyamagola,
aliyefunga masuke elfu nne kwa mifuko ya khaki
chavua ya huku isiende kule.
Tabu Chilewa, aliyepiga makopo tangu alfajiri
kweleakwelea wasishuke, sauti ikakauka, haikurudi vizuri,
yeye hata kwenye *wenzake* hayumo.

Nilitaka kumaliza kwa kusema Daktari hajali.
Alipita saa kumi, viatu vina matope ya bwawani,
akasimama pale ukutani,
kidole kikashuka ukurasa wa kwanza,
wa pili,
akajikuta.
Alikaa hapo kuliko inavyohitajika kusoma mstari mmoja.
"Mwakani huenda ikawa kumi na mbili," akasema,
si kwangu, kwa ukuta,
na nikaona aibu ya kicheko changu cha asubuhi.

Kisha tukaingia stoo kupima uzito wa mbegu elfu.
Unazihesabu moja moja juu ya sinia, hakuna njia nyingine
tangu mashine ilipoharibika.
Tulifika mia sita na kitu.
Akaniuliza, sitini na ngapi?
Sikuwa najua.
Tukazirudisha zote kwenye bakuli,
tukaanza: moja.