Jino Moja

Nilimwambia Mhando: nyuma, kushoto,
kachakacha, tangu Pongwe.
"Endesha," akasema.
Akakaa kiti cha nyuma, sikio kwenye bati
kama mkunga,
barabara ya kumi na nne nzima, hasemi kitu.
Kisha: "Vuta hendibreki. Jino moja tu."

Nikavuta.
Kimya.

"Beringi haijali hendibreki.
Hicho ni kiatu kinacheza, springi imekiachia."

Jeki. Spana. Dramu ikagoma, ikala nyundo,
ikatoka na vumbi jeusi
lililomkalia Mhando kwenye kope.
Springi ilikuwa vipande viwili,
kimoja kidogo kama ukucha wa mtoto.
Akaniwekea kiganjani, bado cha moto.

Elfu nane.
Na mimi wiki nzima
napandisha sauti ya redio.