Mifuko Kumi na Mmoja

Betri ndogo imezikwa ndani ya buti, upande wa kulia,
na juu yake mama yake Nergui amepakia sikukuu nzima:
mifuko kumi na mmoja ya buuzi,
unga uliofinywa kwa vidole, nyama ya kondoo ndani,
zimeganda, zinagongana kama kokoto.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, hapa Darkhan.
Friji ya nini?

"Toeni," nasema. Wanatoa.
Nergui anahesabu. Shemeji yake, Batchuluun,
anaipanga thelujini na haniangalii.

Gari lilikuja limetumika, kutoka Japani,
usukani kulia katika nchi ya usukani kushoto.
Ukibonyeza kitufe, sauti ya mwanamke inakusalimu kwa Kijapani.
Miaka sita Nergui anamwitikia kwa Kimongolia.
Leo alfajiri hakusalimiwa.

Wakaleta nyaya, wakalibusti. Cheche moja, basi.
Dashibodi ikajaa taa, kila moja na lalamiko lake,
ila ile ya kijani, inayosema Tayari,
haikuja.

Wateja huniambia: Dulmaa, hili ni haibridi,
lina betri kubwa chini ya kiti, volti mia mbili na ushei,
litashindwaje?
Nami hujibu: mkubwa amelala chumba kilichofungwa,
na ufunguo anao mdogo.
Volti kumi na mbili tu, za kuamsha kompyuta,
za kuvuta swichi, za kusema, haya, mkubwa, toka.
Mdogo akizimika, mkubwa hubaki na nguvu zake
kama tajiri aliyesahau namba ya sanduku.

Navua glavu moja.
Mbele, chini ya boneti: kumi na mbili nukta tano.
Nyuma, kwenye buti: nne.
Narudi mbele. Kumi na mbili nukta tano.
Narudi nyuma. Nne, na kidole cha shahada sikisikii tena.
Umeme hapa umeondoka, pale haujafika.

"Nyekundu kwa nyekundu," asema Batchuluun. Sijamuuliza.
"Nyeusi kwa chuma. Najua mimi. Ni baridi hii."
Baridi, kweli.
Hapa kwetu baridi hubebeshwa kila kesi.

Nafungua kasha la fyuzi.
Ile kubwa, ya ampea mia, kijidirisha chake kina moshi;
ndani, utepe umekatika katikati, ghafla,
kama soga anapoingia anayesengenywa.
Na koleo la waya mweusi lina kovu jipya la shaba.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa waya.

Lakini ilikuwa saa kumi na moja, giza,
moshi wa makaa ya mawe umelala juu ya paa,
simu haina chaji ya kuwasha tochi,
kope zimeshikana kwa barafu.
Saa hiyo nyekundu nayo ni nyeusi.

"Fyuzi ilikuwa kuukuu," namwambia Nergui.
Ile iliyoungua naiweka kiganjani mwa shemeji yake.
Anafumba ngumi.

Fyuzi mpya. Betri ndogo, iliyoshiba chaja yangu
tangu saa nne hadi tulipomaliza chai ya pili.
Kitufe.
Mwanamke anasalimu. Nergui anaitikia, anacheka.
Kijani.

"Mbona haliwaki?" auliza Batchuluun.
"Limewaka."
"Silisikii."
"Ndivyo lilivyo likiwa zima."
Likasogea. Tulichosikia ni theluji
ikisagika chini ya magurudumu.

Wakasimama, wakarudisha mifuko.
Nergui alihesabu kwa sauti, akafika kumi.
"Kumi na mmoja," Batchuluun akasema. "Funga, twende."

Jioni nauona, nyuma ya jeki,
juu ya kiti changu cha mbao,
umefungwa fundo baya,
la mtu ambaye hakuvua glavu.