Bei kwa Herufi

Kwangu hapa Todmorden jiwe lina bei yake
na kila herufi ina bei yake:
pauni nne na nusu, ukitaka ya dhahabu, sita.
Ndiyo maana watu huja huzuni yao imeshafupishwa.

Watoto wa Dilys Garside walikuja Jumanne, watatu,
makoti yakichuruzika juu ya vumbi la sakafu yangu.
Jina, tulikubaliana. Miaka, tulikubaliana.
Likabaki neno moja la kumweleza mama
aliyeuza viazi na karoti miaka arobaini na mmoja
chini ya daraja la reli.

Winifred alitaka refu, la herufi tisa,
lile la kwenye Zaburi, lenye haki ndani yake
na kola iliyopigwa pasi.
"Hilo," akasema Rhoda, "lina kidole.
Humnyooshea aliyesimama karibu."
Yeye akataka la herufi nne, laini,
ambalo mzizi wake umo katika neno la ukoo:
kumtendea mtu kana kwamba ni wa kwenu.
Clement akacheka bila meno kuonekana.
Yeye ndiye wa kwao,
na mama hakumsemesha miaka kumi na mmoja
kwa ajili ya pauni thelathini za kwenye droo
alizokwisha kuzirudisha.
Neno hilo tukaliacha mezani
kama kikombe cha mtu aliyetoka nje.

Nikawapa mengine; ndiyo kazi yangu, nina daftari.
Lipo la kusimama wima, kama ukuta uliopimwa kwa timazi:
hilo huwachongea mameneja wa benki.
Lipo moja zuri, lakini wakiambiwa wanawake
watu walilikunja na kulikunja
hata likabaki habari ya kitanda tu.
Winifred akaona haya, tukalipita.
Lipo la staha ya kawaida, ndilo hilo hilo
unaloulizwa nje ya mlango: umeshavaa, niingie?
Lipo tamu, la keki, la wageni, la hali ya hewa,
ambalo zamani lilimaanisha mpumbavu,
na hakuna aliyewahi kumwita Dilys hivyo
kwa maana yoyote ile.
Na lipo mama wa hayo yote, fupi, la mviringo,
analoambiwa mbwa, na mtoto asiyelia.
Ukisahau o moja umeandika Mungu.
Hilo nalichonga kwa woga.

Mvua ikapiga bati. Kimya.
Kisha Clement, akilitazama dirisha, si sisi:
"Kidole gumba chake. Mnakikumbuka?
Alikuwa akikiinua juu, hivi, mbali na mizani,
hata mteja akiwa yule Sutcliffe kipofu,
hata nyumbani tukiwa hatuna makaa."

Basi likaja lenyewe, la herufi nne,
neno la mizani isiyobonyezwa.
Lakini lugha yetu ni duka la mitumba,
koti moja limevaliwa na wengi:
neno hilo hilo ni urembo wa binti wa kwenye ngano,
ni nywele za rangi ya majani makavu,
ni anga isiyo na wingu,
na kwenye ripoti ya shule ni *si mbaya sana, ajitahidi.*
Rhoda akasita hapo. "Watu watasoma lipi?"
"Yote," akasema Clement. "Hata hilo la shule.
Hasa hilo la shule."
Winifred akafungua mkoba wake, akaufunga.

Aliyelipa ni Clement, noti na sarafu, kamili.
Nikazihesabu mbele yake,
halafu, sijui kwa nini, nikazihesabu tena
polepole,
kidole gumba kikiwa hewani.