Zaka ya Ngamia Watatu

Buraimi, dirisha namba nne.
Kiyoyozi kimekohoa, kikanyamaza.
Bibi Ghubaisha binti Rakadhi ameweka mezani
kidole gumba chenye hina, hata sijamwomba.

Fomu yauliza: mahali pa kuzaliwa.
Ananijibu: nyuma ya ngamia aliyeitwa Samha,
mwaka ule mvua ilipozitangulia tende.
Sina kisanduku cha jibu hilo.

Wazungu walikuja, anasema, na meza ya kukunja.
Wakamuuliza baba: zaka yako humpa nani?
Akadhani wanauliza dini.
Akasema kweli: mwaka wa neema nilimpa huyu,
mwaka wa ukame yule, aliyekuwa karibu na kisima,
mwaka wa ndui sikumpa mtu, nilikuwa nazika.
Wakaandika. Wino ukakauka kabla kahawa haijapoa.
Ngamia watatu wa zaka
wakawa mpaka.

Leo kuna waya, kimo cha watu wawili.
Mfereji wapita chini yake bila pasi,
maji yaleyale, mitende ya huku na mitende ya kule.
Kisima cha baba yake kiko kule.
Akinyoosha mkono nauona mghafu
alikokuwa akifunga ndama.

Nami ni nani wa kumsahihisha?
Mama alizaliwa Wete, akaja kukuna nazi Maskati,
na kila fomu aliyoijaza ilibaki na pengo palepale.
Kiswahili tulikisema tukishafunga mlango.
Najua kalamu inavyomhamisha mtu
naye ameketi.

"Andika upande wowote," bibi ananiambia.
"Ngamia wana chapa yangu shingoni.
Sikuichoma pajani kama wengine.
Nilitaka wakigeuka kutazama walikotoka
isomeke."

Nimeandika. Nilichoandika
hata msimamizi sijamwambia.

Adhuhuri nikatoka kununua maji.
Gari lake la mizigo lilikuwa langoni,
na nyuma, amefungwa magoti kwa kamba ya buluu,
mtamba mmoja akicheua, uso Hafiti.
Askari alitaka karatasi za mnyama.
Mjukuu akazitoa kwenye mfuko wa mkate:
chanjo, umri, rangi, jina la mama.
Nilizisoma juu ya bega la askari.
Mahali pa kuzaliwa pamejazwa,
kwa mwandiko mzuri,
na mhuri.