Siku Tatu Bila Tisa

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Julai
halijaanza kuilamba lami,
naifundisha mashine ya fedha kusahau.
Bonyeza, shikilia, bonyeza tena,
na pale palipoandikwa tisa kwa mia
andika sifuri.
Mashine inalia mara moja, kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kibao cha nje kinasema: Tidmore na Wanawe wa Kiume.
Wa kiume hawakuja. Nilikuja mimi.

Baba yuko nyuma ya kaunta, penseli sikioni.
Haiamini mashine, haiamini Alabama.
"Wanatusamehe kilicho chetu," anasema,
na bado amefagia kizingiti mara mbili
na kupuliza maputo ambayo hakuna aliyemwomba.

Saa tatu mlango haufungiki tena.
Watu ambao tangu Krismasi tuliwaona migongo tu,
wakielekea barabara kuu, kwenye duka lile
lenye uwanja wa magari mkubwa kuliko shamba la pamba,
leo wanatuita kwa majina, wanauliza hali ya goti la Baba.
Wengine wamevuka daraja:
kaunti ya ng'ambo ilipiga kura, ikakataa kusamehe hata senti.
Daftari. Rula. Soksi, jozi sita kwa pakiti.
Watoto wanasimamishwa juu ya kipimo cha chuma,
kisigino nyuma, shangazi anabonyeza ncha ya kiatu:
"Mwachie nafasi, huyu anaota kama magugu."

Mwalimu Ledbetter ana pakiti thelathini za kalamu za rangi,
fedha ni yake, watoto si wake.
"Leo hulipi kodi," namwambia.
"Kodi ndiyo mshahara wangu, Nadine.
Hapa najikata mwenyewe."
Nilikosa la kujibu. Nikamtilia kifutio cha bure.

Alasiri akaja Odessa Pruitt, bado ana kofia ya wavu
ya kiwanda cha kuku, na mwanawe nyuma yake,
mrefu, anainamia taa zisizomfikia.
Darasa la kuchomelea vyuma linaanza Agosti.
Bila buti zenye chuma puani, mtoto haingii.

Sheria ni fupi: nguo na viatu, dola mia moja au chini yake.
Pita mia kwa dola moja tu
na jimbo linakumbuka kila kitu.

Lebo ya buti: 112.

Odessa akageuza bahasha ya bili ya umeme,
akajumlisha mgongoni mwake, akajumlisha upya.
Kisha akaanza kurudisha vitu rafuni:
soksi kwanza,
shati la buluu,
halafu, polepole, akiwa ametupa mgongo, sidiria yake.

Kijana akasema buti zinambana.
Hazikumbana. Nilimpima mimi.

Baba akashusha penseli kutoka sikioni.
"Nadine, nani aliandika bei hii?"
Aliandika yeye, mwezi Machi; zile moja mbili
zimevaa kofia na kusimama juu ya mstari,
hakuna mwingine mjini anayeziandika hivyo.
"Mimi," nikasema.
"Umekosea."
Akakata, akaandika 100,
na kwenye sifuri ya pili mkono ulitetemeka kidogo,
akaikokoteza tena, ikawa nene kama pete.

Odessa alitazama lebo, akamtazama Baba,
akaenda rafuni kuchukua shati.
Soksi. Na kile kingine.
Hakusema asante. Alisema, "Goti lako lina nafuu?"

Jumatatu naifundisha mashine kukumbuka.
Haihitaji kufundishwa sana.
Maputo yamenywea dirishani,
barabara kuu inavuma upya kwa mbali,
na kwenye leja, chini ya mauzo ambayo hatujayaona tangu mwaka juzi,
kuna mstari mmoja wa penseli:
Upungufu, dola 12. Kosa la bei. Nadine.

Nina kifutio mkononi.
Nimekirudisha kwenye sanduku lake, pamoja na vya kuuzwa.