Fungu Lililolala

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofunzwa.
Mimi nimelishika daftari miaka kumi na mmoja
pale kiwanda cha kamba, Pongwe,
na nimeiona mali ikipotea na daftari lake mkononi,
imepigiwa mstari, imegongwa muhuri.

Ukurasa wa thelathini na mbili: Mafunzo ya Wanagenzi.
Kilichotengwa, milioni arobaini na nane.
Kilichotumika, kistari.
Kistari kifupi, kama unyuzi wa mkonge
uliodondoka kwenye karatasi.
Hata niliupuliza kwanza, nikidhani utaruka.

Mashine mpya zilikuja, vijana hatukuchukua.
Juni imebaki siku tisa.
Fungu likilala mwaka mzima hurudi lilikotoka,
na lilikotoka, hakuna aliyewahi kuniambia ni wapi.

Chini kabisa ya kanuni za mfuko,
kwa herufi za kumtafutisha mtu miwani:
mwajiri aweza kumwachia mwajiri mwingine
robo ya fungu asilolitumia,
mradi pesa ifundishe mtu, isinunue kiti.

Nikasoma mara tatu. Nikampelekea Bwana Mchome.
"Tumpe mtu baki hela zetu?"
"Zetu kwa siku tisa, bosi. Za kumi si za mtu."
"Na sisi tutapata nini?"
Sikuwa na jibu la kikao.
Nilikuwa na mota namba tatu.

Mota namba tatu iliungua Februari, saa nane usiku.
Zamu nzima ikakaa sakafuni ikipigana na mbu.
Aliyeifufua alikuja kwa baiskeli
kutoka Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne:
Fundi Hoza, vidole vinavyonyooka ni viwili tu,
shaba imemzunguka bega.
Kwenye keria, binti wa watu kakumbatia tochi na mita,
Mwanashambi Shekue, miaka kumi na tisa.
Mzee akitaja namba, binti anasokota waya.
Alfajiri mashine ikanguruma
nasi tukalipa ankara ya fundi mmoja.

Nilimuuliza siku ile, wewe unalipwa na nani?
Akacheka. "Nalipwa chai, dada.
Siku za mota kubwa, na chapati."

"Hoza ana miaka sitini na sita," nikamwambia bosi.
"Akizima yeye, tutamwita nani?"
Bwana Mchome akatazama nje, kwenye nyuzi zilizoanikwa,
akatazama muda mrefu kuliko nyuzi zinavyohitaji.
"Lete kalamu."

Haikuwa rahisi kama ninavyoandika.
Fomu tano. Karakana ya Hoza
ilikuwa bado kwa jina la kaka yake, marehemu.
Jumamosi nzima tumekaa kwenye benchi lenye grisi
akinikataza kuandika kampuni:
"Andika karakana. Ukiandika kampuni wataniletea wageni."

Tarehe ishirini na tisa ikapita. Milioni kumi na mbili.
Posho, ada ya chuo siku mbili kwa wiki,
glavu, bima, miwani ya kinga,
na nafasi ya pili kwa Sefu wa Mikanjuni,
aliyekuwa akichungulia mlangoni tangu mwaka juzi.

Thelathini na sita zilizobaki nilizirudisha mwenyewe.
Nilipokuwa napanga sifuri zake nikawa nahesabu:
yule wa majokofu kule Chumbageni,
mchomeleaji wa Makorora na wale watoto wake wawili wa kazi,
mama wa cherehani nane, anayeshona mwenyewe kwa moja.
Nikagonga muhuri.
Mwakani nitaanza kusoma herufi ndogo Januari.

Mwanashambi alikuja kusaini Jumatatu, mikono ananukia vanishi.
Akasimama kwenye mstari wa kazi.
"Hapa niandike nini?"
"Mwanagenzi."
"Mwana wa nani?"
Nikamtajia herufi moja moja.
Akaandika Mwanangenzi, akakazia kalamu mpaka nakala ya tatu,
na mimi, ambaye husahihisha hata senti,
nikaipokea fomu hivyo hivyo.