Usafi wa Usiku

Saa nane na robo usiku, Tartu. Theluji imeziba dirisha la chini,
na Maarika, soksi juu ya soksi, ameagiza usafi tu,
usafi wa kawaida: kunja, bana, tupa.
Hifadhi ya msimbo ilikuwa na gigabaiti thelathini na nane.
Akaenda kuchemsha maji.
Aliporudi zilikuwa mia moja na tisini
na diski inapumulia pua moja.

Nani hufagia chumba kikazaa vumbi?

Akafungua folda. Faili, faili, faili,
vijipande milioni vyenye majina ya tarakimu,
vilivyokuwa vimelala ndani ya robota moja, bega kwa bega,
kila kimoja kikiazima nguo ya mwenzake.
Tawi lao limekatwa. Na mashine, kwa adabu yake,
haitupi mgeni nje usiku uleule:
imevifungua kamba, kila kimoja na godoro lake,
wiki mbili za ugeni kabla ya jembe.

Lilikuwa tawi la Urmas. Siku hizi yuko Pärnu, anafuga nyuki;
mtu aliyehifadhi kila kitu, hata picha za mabango,
mara arobaini, kwa kuhamisha nukta.

Asilimia tisini na tisa.
Kidole kiko juu ya amri ya kufuta vyote.
Anafungua kimoja, cha kubahatisha:
"Hapa pana kosa. Maarika asijue. Nitalirekebisha Jumatatu."

Jumatatu ipi, Urmas?

Chai imepoa.
Anaanza na picha za mabango.